Uso Nilioahidi Kuuficha

Kwetu ni Nkowe, wilayani Ruangwa. Baba yangu alikuwa Mmwera, mkulima wa korosho na ufuta mpaka mgongo ulipomkatalia. Mama yangu ni Mmakua. Bibi yake alivuka Ruvuma akitokea Msumbiji, enzi ambazo upande ule ulikuwa hauishi moto. Nyumbani tulikuwa na lugha tatu. Baba aligomba kwa Kimwera, mama alibembeleza kwa Kimakua, na sisi watoto tulikuwa na Kiswahili chetu cha shule, tulichokitumia tukitaka wakubwa wasitufuatilie vizuri. Sikujua kwamba kile Kimakua cha kubembelezewa ndicho kingekuja kunipa kazi, na kwamba ndicho kingekuja kuniponza.

Majina sitayataja. Kuna mtu mmoja ambaye jina lake limeshatajwa kupita kiasi.

Nilianza utangazaji Dar es Salaam nikiwa binti mdogo, nikisoma habari za mafuriko na bei za vyakula. Vita vilinijia kwa bahati. Mwenzetu mmoja aliyekuwa aende mashariki mwa Kongo aliugua, mhariri akatupa macho chumba kizima, akauliza nani ana pasi ya kusafiria. Mimi nilikuwa nayo. Nilirudi nimekonda na sauti imenikauka, lakini nilirudi na habari, na tangu siku hiyo kila kukisikika mlio wa bunduki katika nchi za jirani, jina langu ndilo lililotajwa kwanza.

Watu hudhani kazi ile ni kukimbia risasi. Sehemu kubwa yake ni kungoja. Unakaa juu ya dumu la maji kando ya barabara, unangoja dereva aambiwe kama njia imefunguliwa. Unangoja askari wa kizuizini amalize kula. Unajifunza kuvaa suruali ndani ya gauni, kubeba khanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kumpa mtu aliyekimbia bila nguo. Kadi za kamera nilikuwa nazificha kwenye pakiti ya pedi, maana hakuna askari aliyewahi kuthubutu kuifungua. Na nilijifunza kwamba wanawake hawazungumzi wakiulizwa. Huzungumza wakiwa wanafanya kitu: wanaosha mtoto, wanachambua mboga, wanasuka. Basi nami nilikaa nikachambua nao.

Kazi yote hiyo niliifanya na mpigapicha mmoja. Nilimwita kaka, naye aliniita dada, ingawa hatukuzaliwa pamoja wala hatukutoka mkoa mmoja. Siku moja huko Kongo tulikuwa sokoni risasi zikaanza. Watu walitimka, mimi nikaanguka mtaroni, mguu ukateguka. Yeye alikuwa ameshafika kwenye gari. Aliiacha kamera kwenye kiti, akarudi mbio akiwa ameinama, akanibeba mgongoni kama gunia. Hakuwahi kulisimulia jambo hilo mbele za watu. Nililisimulia mimi, kila mahali.

Baba alipofariki, mwenzangu huyu alikuja Nkowe bila kuitwa. Alishuka kwenye bodaboda vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope, akachukua jembe akaenda na vijana wa kijiji kuchimba kaburi. Mama akawa anamwita mwanangu. Nikienda likizo peke yangu, salamu hazijaisha ataniuliza, "Na mwenzio umemwacha wapi?"

Mapigano yalipozuka kaskazini mwa Msumbiji, kituo chetu kilitaka mtu atakayeongea na wakimbizi bila mkalimani. Tulikwenda mara kadhaa, mimi na yeye. Nilikutana na watu wanaoongea kama bibi yangu, wenye methali za bibi yangu, wamelala chini ya maturubai. Nilifanya kazi huku moyo ukiwa mzito kuliko ulivyopata kuwa Kongo. Kongo nilikuwa mgeni.

Kisha mama mdogo akanipigia simu. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, anaishi Nachingwea, nyuma ya soko, kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, dada yako amefika."

"Dada yangu yupi?"

"Wa ng'ambo. Mtoto wa mama yako mkubwa, yule aliyeolewa Msumbiji. Tulidhani wameshamuua."

Kwetu ukoo unafuata tumbo la mama. Mtoto wa mama mkubwa si binamu, ni dada, na hata kama hamjawahi kuonana mna haki ya kula sahani moja. Nilipofika Nachingwea nilimkuta amekaa uani kwenye mkeka, mwanamke wa rika langu, mwembamba, paji la uso ni la mama yangu mtupu. Tulishikana mikono muda mrefu, mama mdogo akawa anajifanya anapuliza moto.

Siku zilizofuata alinisimulia kidogo kidogo. Wapiganaji, wale wa msituni, walivamia kijiji chao wakamchukua yeye na binti yake. Walikaa kambini porini, wakipika na kubeba mizigo. Siku moja walipohamishwa, mvua kubwa ikanyesha, msafara ukakatika mtoni. Yeye alibaki ng'ambo moja, binti yake ng'ambo nyingine. Alitembea hata akakutana na wavuvi waliomvusha Ruvuma. Binti alibaki mikononi mwa wale wa msituni.

Mimi sikumwomba mahojiano. Nasema hivi si kwa kujitetea, ndivyo ilivyokuwa. Ni yeye aliyesema. Alikuwa amesikia kwa mama mdogo kazi ninayoifanya, akaniuliza kwa Kimakua, "Ukisema wewe, watu wakubwa wanasikia?"

"Wengine husikia."

"Basi nataka wasikie kwamba wako watoto kule. Si mmoja. Lakini uso wangu usionekane, wala jina, wala kwamba niko hapa. Wale wakijua niko hai na ninasema, mtoto wangu atalipia."

Nikamwahidi. Nikampigia mwenzangu, akasafiri kutoka Dar, akashuka njia panda ya Nanganga, nikampokea. Njiani nilimweleza kila kitu, neno kwa neno. Akaitikia kwa kichwa. "Dada, hili ni la nyumbani. Tutalifanya kwa heshima."

Tulirekodi alasiri, uani kwa mama mdogo. Dada yangu alikuwa anapepeta mbaazi kwenye ungo. Mwenzangu aliweka kamera nyuma yake, upande wa bega, ikawa inaona mikono, ungo na ukuta. Kabla hatujaanza dada aliomba aone. Mwenzangu akamgeuzia kioo kidogo cha kamera. Akajitazama mikono, akacheka, mara ya kwanza nimsikie akicheka. "Mikono imezeeka kuliko mimi," akasema. Nikamtafsiria mwenzangu, naye akacheka.

Aliongea kwa muda mrefu. Alipofika pale mtoni, mvua na binti ng'ambo, aliacha kupepeta. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nakaza meno nisilie kwenye kinasa sauti. Mwenzangu aliondoka nyuma yetu akaenda upande wa jiko. Alikuwa na ile kamera yake ndogo ya picha za mnato, aliyokuwa akitembea nayo siku zote, akipiga kuku, miti, watoto wa jirani. Sikumtazama. Ningemtazama kwa nini? Tulipolala chini ya madaraja na mtu huyu sikuwahi kulala nikiwa na jicho moja wazi.

Mama mdogo akatupa ugali wa muhogo na kisamvu, tukala wote wanne. Dada yangu alimnawisha mikono mgeni.

Habari ilirushwa kama nilivyoahidi: mikono, ungo, sauti iliyobadilishwa. Hapakutajwa Nachingwea. Watu waliipokea vizuri, na mashirika mawili yaliuliza juu ya watoto wale. Nilimpigia dada nikamwambia wakubwa wamesikia. Akasema, "Haya. Mungu akuweke."

Msimu wa kuvuna ufuta ulinikuta likizo Nkowe. Nilikuwa shambani na mama, tunasimamisha mafungu ya ufuta yakauke, mama mdogo akapiga simu. Hakusalimu.

"Mwanangu, umefanya nini?"

Nilidhani kuna msiba. Akasema jirani yake amekuja na simu, picha inazunguka kwenye kundi la mtaa, ni uso wa dada yako, mzima, machozi yanatoka, na chini imeandikwa mwanamke aliyetoroka msituni, Nachingwea, Tanzania. Imeandikwa hadi jina lake.

Nikamwambia haiwezekani. Nilisema hivyo mara nyingi, nimesimama katikati ya ufuta, mama ananitazama. Kisha mama mdogo akanitumia. Ilikuwa picha nzuri sana. Lazima niseme hivyo. Mwanga wa alasiri umemwangukia upande mmoja, nyuma yake kuna moshi wa jiko, macho yamejaa lakini hayajamwagika. Picha imepigwa kutoka mlango wa jiko. Pembeni kwa maandishi madogo kulikuwa na jina la mwenzangu. Jarida moja la Ulaya lilikuwa limeichapisha, na picha ilikuwa imeshinda tuzo.

Nilipanda bodaboda hadi Ruangwa mjini, nikapata gari la Nachingwea. Sikumbuki njia. Nilipofika, mkeka uani ulikuwa umekunjwa. Dada yangu alikuwa ameondoka asubuhi ile na kifurushi, bila kusema anakwenda wapi.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda. Hakuniambia nikae.

"Kabla hajaondoka alipigiwa simu," akasema. "Ndugu yao aliyeko mjini, kulekule ng'ambo. Mtu wa msituni amempigia huyo ndugu, wanajuana. Amesema: mwambieni yule mama tumemwona anavyolia. Basi. Akakata."

"Na binti?"

"Hakusema la binti. Dada yako ameuliza hilohilo kama unavyouliza. Ameuliza hata sauti imemwisha."

Nilimpigia mwenzangu nikiwa palepale uani. Alipokea kwa furaha. "Dada! Nilitaka kukushtukiza. Umeiona?"

"Nimeiona. Uso wake, kaka. Tuliahidi."

"Uliahidi wewe," akasema, wala si kwa ukali, kama mtu anayekumbusha. "Na ulitimiza kwenye habari yako. Hii ni picha yangu. Dada, mikono inapepeta mbaazi, nani atasimama aitazame? Dunia imemwona sasa. Si ndicho alichotaka, wakubwa wasikie?"

"Wamempigia. Wale wa msituni wamemwona."

Nilidhani sasa ataanguka, atasema nisamehe. Akasema, "Una uhakika ni kwa sababu ya picha?"

Nilikata simu. Kuna maumivu ambayo hayaji mahali pake. Hayakunijia kifuani. Yalinijia kwenye mguu, ule uliotegukia Kongo, ukawa unauma kama ulioteguka jana.

Nilikwenda Dar kumwona mhariri wetu, mwanamke mkubwa kwangu, aliyenifundisha kazi. Nilitaka kituo kiandike kwa jarida picha iondolewe, na mwenzangu awajibishwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Nakuelewa, mdogo wangu. Lakini hii ni heshima kwa nchi. Wakuu wameshapongeza. Ukilianzisha hili sasa tutaonekana sisi wenyewe hatujui tunachokifanya. Subiri tuzo ipite."

"Na mtoto kule msituni naye asubiri tuzo ipite?"

"Usinifanyie hivyo," akasema. Nikaona kweli imemuuma. Lakini kuumwa kwake hakukuondoa picha. Jarida niliwaandikia mimi mwenyewe, na baada ya muda waliitoa kwenye ukurasa wao, lakini ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu kama mbegu za pamba.

Kumbe hilo halikuwa baya lenyewe. Baya lenyewe nilioneshwa Nachingwea.

Mjomba wetu, kaka mkubwa wa mama yangu, ndiye msemaji wa ukoo. Aliniita, nikaenda na mama. Walikuwa wamekaa sebuleni kwake, wajomba, mama wadogo, televisheni imezimwa. Mjomba hana maneno mengi. Alitoa simu ya mwanawe, akaibonyeza akanipa. Ilikuwa video ya sherehe ya tuzo. Mwenzangu amesimama jukwaani amevaa suti. Akashukuru waandaaji. Akashukuru familia. Kisha akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba anamshukuru dada yake wa kazi, mwandishi, ambaye alikaa na mama yule akamwomba ruhusa kwa lugha yake mwenyewe, na bila yeye picha ile isingekuwapo. Akataja jina langu lote, la kwangu na la baba yangu.

Mtoto wa mjomba alikuwa ameshawatafsiria.

"Huyu kijana tulimpa jembe achimbe kaburi la shemeji yangu," mjomba akasema. "Leo anasema ulimwombea ruhusa. Uliomba au hukuomba?"

"Sikuomba, mjomba. Dada alikataa na mimi nilikataa. Anasema uongo."

"Anasema uongo, lakini anakushukuru?"

Ndivyo alivyonimaliza mwenzangu. Angekuwa amenitukana jukwaani, ukoo wangu ungesimama na mimi. Alinishukuru, akanifungia nje ya kwetu. Mama yangu alilia pale sebuleni, na sikujua analia kwa ajili ya nani, mimi, mpwawe, au yule aliyekuwa akimwita mwanangu.

Niliacha kazi mwezi huo. Hawakunifukuza, walinisihi nibaki. Sikuweza tena kukaa kwenye gari na mtu nyuma yangu ameshika kamera.

Dada yangu nilimpata Nandagala, kwa watu wa ng'ambo waliohamia huko siku nyingi na kufungua mashamba. Aliyenielekeza aliniomba nisiseme ni yeye. Dada nilimkuta analima palizi na wanawake wengine, amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Aliniona kwa mbali. Hakukimbia, wala hakuja. Nikachukua jembe lililokuwa pembeni, nikaingia mstari wa kando yake, tukapalilia. Wale wengine walituacha, wakasogea mbele.

Tulipofika mwisho wa mstari akaniuliza, "Ulijua?"

"Sikujua. Naapa kwa kaburi la baba."

"Nakuamini." Akapangusa jasho kwa kiganja. "Nimefikiri sana, nakuamini. Lakini mimi yule simjui. Nilimnawisha mikono kwa sababu alikuja na wewe."

"Dada..."

"Sina hasira na wewe kama unavyodhani. Hasira ningejua pa kuiweka. Nikikuona namuona amesimama mlangoni pa jiko. Usije tena mpaka mtoto apatikane. Na asipopatikana, usije."

Akarudi mwanzo wa mstari mwingine. Niliweka jembe pale nilipolitoa, nikatembea hadi barabarani.

Sasa naishi Nkowe na mama. Nalima ufuta na korosho, na mara chache redio hunitaka niwasimulie hali ya mpakani, kwa sauti tu. Mwenzangu hunitumia ujumbe kila sikukuu. Wa mwisho aliandika kwamba halali vizuri. Naujua usingizi wake, nililala naye mabarazani miaka mingi, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Huenda ni kweli. Sijamjibu. Nimewahi kuandika jibu nikalifuta. Ninachotaka kumuuliza ni kimoja tu, kwa nini kule sokoni alirudi, na naogopa atanipa jibu zuri.

Kazi moja tu sikuiacha. Katika miaka yangu ya vita nilifahamiana na madereva, masista, wauguzi, wafanyabiashara wa chumvi wanaopita pale wengine wasipopita. Nikawa nawapigia, mmoja baada ya mwingine, namweleza kila mmoja sura ya binti kama dada alivyonisimulia: paji pana, kovu la moto kwenye kiwiko. Wengi walisema hawajui. Wengine walibadilisha namba.

Mwaka huu, maembe yakiwa yanaanza kuiva, muuguzi mmoja alinipigia. Wapo wanawake waliookolewa porini, wamefikishwa kwenye kituo cha wagonjwa, na mmoja ana kovu kwenye kiwiko. Ni mdhaifu, ana mtoto mchanga. Jina la mama yake amelitaja sawasawa.

Nilikaa chini ya mkorosho, nikalia mpaka mama akatoka. Kisha nikaenda Nachingwea kwa mama mdogo. Tangu siku ile ya mkeka alikuwa hajanikaribisha ndani. Nilimweleza nikiwa nimesimama, nikampa namba ya muuguzi.

"Nenda wewe ukamwambie," akasema.

"Alinikataza, mama."

"Alisema mpaka mtoto apatikane. Si amepatikana?"

"Aseme mwenyewe niende. Mimi nimeshaingia kwake na mtu mmoja, siingii tena bila kuitwa."

Akaenda Nandagala kesho yake kwa bodaboda, mtu mzima vile. Alirudi jioni, akanikuta nimekaa nje ya nyumba yake. Akasema dada yangu alipiga simu palepale, akasikia sauti ya binti, na kwamba hakupiga kelele. Alikaa kwenye tuta, akawa anarudia jina la mwanawe taratibu. Halafu akauliza nani ameleta habari.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia habari imefika tu, kutoka ng'ambo." Mama mdogo akavua kandambili, akazikung'uta vumbi. "Nilitaka kukutaja, mwanangu. Nikaona kwanza anywe hiyo furaha bila kitu ndani."

Akafungua mlango, akaniambia niingie nikae, atachemsha chai.